Kilima cha Mama

Katika Buganda ya kale, Kabaka, yaani mfalme, na mama yake hawakukaa kilima kimoja. Mwana akishasimikwa, mama alipewa cheo cha Namasole na kujengewa ikulu yake ng'ambo ya kijito, kwani mila ilitaka maji yanayotiririka yapite kati yao. Huko alikuwa na Katikkiro (waziri mkuu) wake, mashamba yake na watu wake, na wakusanyaji kodi wa mwanawe hawakuwa na ruhusa ya kuingia katika ardhi yake. Na kwa kuwa Kabaka hufuata ukoo wa mama, ilhali raia wake hufuata ukoo wa baba, kila utawala mpya ulikuwa pia ushindi wa ndugu za mwanamke mmoja. Muganzirwazza, mama wa Mutesa wa Kwanza, alipofariki mwaka 1882, mmisionari Alexander Mackay aliombwa amtengenezee majeneza matatu, moja ndani ya jingine, na nguo za magome zilizoteremshwa naye kaburini zilihesabiwa kwa maelfu.

Namtanguliza Namasole kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila mara. Kampala, kama ilivyo Nairobi na Dar es Salaam, mama anayetaka saa yake mwenyewe, ya kuandika, kuchora, kuimba au kukaa tu na wenzake, huambiwa anaiga Uzungu. Huambiwa kwamba mama wa Kiafrika furaha yake ni watoto, basi. Vilima vya Kampala vinakanusha. Watu waliokaa hapa kabla ya mji kuitwa mji walijua kwamba mwanamke haishi kuwa mtu pale anapozaa, na mmoja wao wakampa kilima kizima. Walimpa kwa masharti, lakini: Namasole hakuruhusiwa kuolewa tena. Alipewa ardhi, watumishi na sauti katika mambo ya nchi, akanyimwa mwenzi. Katika miaka mia moja na arobaini iliyofuata sioni kipindi ambacho akina mama wa Kampala waliishiwa ubunifu. Kilichopatikana, kikapotea, kikapiganiwa upya, ni mahali pa kukaa nao na saa ya kuufanyia kazi.

Mwanamke wa kawaida hakuwa na kilima. Alikuwa na lusuku, shamba la migomba lililoizunguka nyumba, na humo ndimo asubuhi yake ilimoishia: kulima, kukata mkungu, kumenya matooke, kuyafunga majanini na kuyabandika. Alasiri ilikuwa ya ukindu. Aliuchana, akautia rangi, akausuka kuwa ukanda mrefu, kisha akaushona ukanda kwa ukanda mpaka mkeka ukatokea, wenye michoro ambayo mwenye jicho angeweza kutambua mkono ulioisuka. Kazi hii ina tabia moja inayostahili kuangaliwa vizuri. Inaweza kukatizwa. Mtoto akilia, ukili unawekwa chini. Akinyonya na kusinzia, unaokotwa palepale ulipoachwa na hakuna kilichoharibika. Kazi zilizodai mtu mzima kwa siku nzima au usiku kucha zilikuwa za wanaume: kupiga ngoma, na kuyafua magome ya mti wa mutuba yawe nguo, ufundi ambao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia nzima mwaka 2005. Mwanamke alicheza baakisimba, mwanamume akampigia. Sylvia Nannyonga-Tamusuza, katika kitabu chake kuhusu ngoma hiyo kilichotoka mwaka huohuo wa 2005, ameeleza jinsi mpaka huo ulivyolindwa na jinsi wasichana wa shule walivyokuja kuuvuka. (Mipaka ilikuwa mingi. Senene wenyewe, aliowakamata na kuwakaanga kwa mikono yake, mila ilimkataza kuwala, pamoja na kuku na mayai.)

Siamini kwamba akina mama walishika mikeka kwa kukosa ndoto kubwa. Walishika sanaa inayostahimili kilio cha mtoto, na kwa vizazi vingi wakaifikisha mbali kadiri inavyoweza kufika.

Ukoloni ulimfikia mama kupitia hospitali na shule. Mwaka 1897 Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo. Muuguzi aliyekuja na msafara wake, Katharine Timpson, baadaye akawa mke wake na ndiye aliyesimamia mafunzo ya wakunga yaliyopata shule yake mwaka 1921, ile iliyoitwa kwa jina la Lady Coryndon. Wanawake waliokolewa, watoto waliokolewa, na hilo lisipunguzwe hata chembe. Ila pamoja na dawa lilikuja wazo jipya: kwamba mama ni mtu wa kufundishwa, na ujuzi wake wote juu ya mwili wake na mwanawe ni wa kurekebishwa. Gayaza, shule ya wasichana iliyofunguliwa mwaka 1905, ililenga kuandaa wake wa machifu wa Kikristo. Msichana alitoka hapo akijua kusoma, kushona na kutunza nyumba. Kilimo chake kilithaminiwa, unadhifu wake ulithaminiwa. Furaha yake haikuwa kwenye ratiba.

Mmoja wa waliosoma Gayaza alikuwa Irene Drusilla Namaganda, binti wa mchungaji, aliyeolewa na Kabaka Daudi Chwa mwaka 1914. Inasimuliwa kwamba gomesi, vazi lililozaliwa Gayaza kwa mkono wa fundi cherehani wa Kigoa, lilienea nchini baada ya yeye kuonekana amelivaa mwaka huo. Mumewe alifariki mwaka 1939. Mwana wao, Edward Mutesa, kijana wa miaka 15, akasimikwa, na Irene akawa Namasole, mwanamke mwenye kila kitu isipokuwa ruhusa ya kupenda. Mwaka 1941 alitaka kuolewa tena, na mtu wa kawaida asiye na cheo. Askofu Cyril Stuart hakuona kosa kwa mjane Mkristo kufunga ndoa kanisani. Katikkiro wa nchi, Martin Luther Nsibirwa, hakuizuia. Ndoa ikafungwa, na Buganda ikawaka moto. Nsibirwa alilazimika kujiuzulu mwaka huohuo. Irene akapoteza cheo.

Wanahistoria husema, na wana haki, kwamba hasira ile ilibeba mengi: ardhi, machifu waliozeeka madarakani, kuchoshwa na Waingereza. Harusi ilikuwa njiti tu ya kiberiti. Mimi hata hivyo hurudi kwa mwanamke mwenyewe. Alijua sheria ya kilima kile kuliko wote waliomlaani. Alikuwa amezaa mfalme, amemlea, amemfikisha kwenye kiti. Mila ilimwambia kwamba sasa maisha yake ni ukumbusho wa maisha yaliyopita, naye akakataa. Sijui mwanamke mwingine wa Kampala wa zama zile aliyelipa gharama kubwa hivyo, mbele ya taifa zima, kwa ajili ya furaha ambayo haikuwa ya mwanawe wala ya ukoo wake.

Miaka michache kabla ya hapo, mambo mengine yalikuwa yameanza barazani mwa nyumba moja. Margaret Trowell, mke wa daktari na mama, alianza mwaka 1937 kufundisha uchoraji na uchongaji kwenye baraza la nyumba yake. Baraza hilo ndilo lililokua na kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo ina jina lake. Wanafunzi wa mwanzo waliopata umaarufu walikuwa wanaume, Gregory Maloba na Sam Ntiro miongoni mwao. Makerere ilifungua mlango kwa wanawake mwaka 1945 tu, na bweni lao likapewa jina la Mary Stuart, mke wa askofu yuleyule wa harusi ya Namasole. Ndani ya bweni hilo Theresa Musoke, mmoja wa wachoraji wakubwa waliotoka Uganda, alichora baadaye ukutani picha yenye maudhui ya kuzaliwa na uhai mpya. Wasichana waliokuwa wakiogopa kwamba mtoto ndiye mwisho wa masomo waliipita kila siku wakienda darasani.

Na yupo Rosemary Namuli Karuga, mwenye damu ya Uganda na Kenya, mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule hiyo ya sanaa. Alisoma kuanzia 1950 hadi 1952. Kisha akaenda Kenya, akaolewa, akazaa, akafundisha shule ya msingi, akalima. Alistaafu mwaka 1987, na hapo ndipo alipoanza kazi iliyomfanya ajulikane nje ya Afrika Mashariki: picha za kubandika vipande vya karatasi, nyingi zikitokana na vifungashio vya sabuni ya Rexona na pakiti za unga, vitu ambavyo kila mama hutupa jikoni. Alifariki mwaka 2021 akiwa amepita miaka tisini. Watu huisimulia hadithi yake kama ya subira iliyolipwa. Mimi huona pia miaka thelathini na tano iliyopita katikati. Picha za miaka ile ziko wapi? Hazikuchorwa.

Uhuru ulipofika Oktoba 1962, Kampala ilikuwa mji wa waandishi. Mwezi Juni mwaka huo waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere, na wanawake waliokuwemo walihesabika kwa vidole. Grace Ogot alikuwa mmoja wao. Alikuwa amesomea uuguzi Uganda kuanzia 1949 hadi 1953, na baadaye alirudi kufanya kazi katika huduma ya afya ya wanafunzi wa Makerere. Riwaya yake The Promised Land ilitoka mwaka 1966. Aliandika akiwa muuguzi, mke na mama wa watoto wanne, na alianza na hadithi fupi. Elvania Zirimu alishinda na tamthilia yake Keeping Up with the Mukasas mwaka 1962, akaongoza kundi la Ngoma Players, akafiwa na mume mwaka 1977 na kufa kwa ajali ya gari mwaka 1979, kabla nchi haijampa nafasi ya kuonyesha yote aliyokuwa nayo. Barbara Kimenye, aliyezaliwa Uingereza na kuja Kampala na wanawe wawili, alifanya kazi katika serikali ya Kabaka na magazetini, akatoa Kalasanda mwaka 1965, kisha vitabu vya mtoto mtukutu Moses ambavyo vizazi vya wanafunzi wa Uganda na Kenya wamevisoma mpaka kurasa zikachanika. Hata hivyo, sauti ya mama iliyosikika kuliko zote katika fasihi ya Uganda ya miaka ile, ya mhusika Lawino, iliandikwa na mwanamume. Okot p'Bitek aliiandika kwa ustadi usio na mfano, ila linabaki jambo la kutafakari kwamba mke na mama aliyelalamika kwa ufasaha kuliko wote hakuwa ameshika kalamu mwenyewe.

Wakati huo, chini bondeni, Namuwongo na Wabigalo, mama wa aina nyingine alikuwa amejijengea. Mwanaanthropolojia Christine Obbo aliwafuatilia wanawake wa mitaa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970: wauzaji wa chakula, wapika pombe, wapangishaji wa vyumba, wengi wakilea watoto bila mume. Waganda walikuwa na jina la mwanamke anayemiliki nyumba yake na kuishi bila kuwekwa na mtu, nakyeyombekedde, na halikutamkwa kwa sifa. Lakini kwa wengi wao ile nyumba ya udongo na bati ilikuwa ndicho kilima: mlango wanaoufunga wao, pesa wanayoihesabu wao. Kisha Rais Amin akawafukuza Wahindi mwaka 1972, sukari na chumvi vikaadimika, sketi fupi zikapigwa marufuku, na kwa miaka kumi na minne hivi, hadi vita vya Luwero vilipokwisha, akina mama wa Kampala walikuwa na kazi moja iliyomeza nyingine zote, nayo ni kuhakikisha watoto wanakula na wanaamka hai. Nakipita kipindi hicho haraka. Furaha haikuacha kuwepo, ila ilijificha ndani ya nyumba, na waliokuwa nayo hawakuiandika.

Halafu likaja gonjwa. UKIMWI ulikuwa umetambuliwa Rakai mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1987, Noerine Kaleeba, mama wa mabinti wanne aliyekuwa amefiwa na mume, aliongoza kuanzishwa kwa TASO, shirika la kuwasaidia wenye virusi. Mwaka 1992 wanawake wanaoishi na virusi wakaunda chama chao, NACWOLA. Humo ndimo ilimoshika mizizi kazi ambayo naiweka juu kabisa katika historia hii: vitabu vya kumbukumbu. Beatrice Were na wenzake walianza kuwafundisha akina mama kuwaandikia watoto wao daftari moja moja kabla ya kufa. Mama aliandika mtoto alizaliwa wapi na saa ngapi, ukoo wake ni upi, babu alikuwa mtu wa namna gani, jino la kwanza lilitoka lini. Alibandika picha ikiwa ipo. Aliandika pia habari zake: alikulia wapi, alipenda kucheza nini, rafiki yake wa shule alikuwa nani, aliota kuwa nani. Wanawake wengi hawakuwahi kuulizwa swali hilo la mwisho maishani mwao. Waliketi pamoja, wakasaidiana herufi, wakacheka juu ya mambo ya usichana, na mama ambaye alikuja kuandika wasia akajikuta anaandika maisha.

Waswahili tunayo mizizi ya jambo hili. Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham, mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa mafunzo. Tunausifu kwa maadili yake, na mara chache tunakumbuka alivyoutunga: mama kitandani, maumivu mwilini, akihesabu mizani. Utungo ule ulikuwa kazi ya malezi, na ulikuwa pia kazi ya mshairi aliyejua thamani ya kipaji chake. Wanawake wa NACWOLA hawakuwa na mizani wala vina, lakini walifanya lilelile. Na wao walipata jambo ambalo Mwana Kupona hakulipata. Kuanzia mwaka 2004 dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure Uganda, na akina mama waliokuwa wameandika kwaheri wakaishi. Watoto walikua, wakaoa na kuolewa, na daftari likabaki kabatini huku mwandishi wake yuko jikoni.

Jukwaani, Rose Mbowa wa Makerere alikuwa ameitengeneza nchi yenyewe kuwa mama katika mchezo wake Mother Uganda and Her Children mwaka 1987, mwaka mmoja baada ya vita. Mwaka 1995 alisimama katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza akiigiza, kwa Kiganda, mhusika wa mwandishi Brecht, mama anayefanya biashara ya vita na kupoteza watoto wake mmoja mmoja. Kwa Kiganda mchezo uliitwa Maama Nalukalala n'Ezzadde Lye. Wengi katika hadhira walikuwa wameyapitia hayo wenyewe.

Mwaka huo wa 1995 ndio pia uliozaa FEMRITE. Mary Karooro Okurut, wakati huo mhadhiri wa fasihi Makerere, aliwakusanya wanawake waliokuwa wakiandika kwa siri au walioacha kuandika, na chama kikaanza kazi rasmi mwaka uliofuata. Goretti Kyomuhendo akawa mratibu wake wa kwanza. Ndani ya miaka michache vikatoka vitabu mfululizo: The Invisible Weevil ya Okurut, mashairi ya Susan Kiguli The African Saga na Memoirs of a Mother ya Ayeta Wangusa, vyote mwaka 1998, Secrets No More ya Kyomuhendo mwaka 1999. Glaydah Namukasa, mkunga kwa kazi yake, alipata tuzo ya Macmillan kwa Voice of a Dream. Monica Arac de Nyeko alipata tuzo ya Caine mwaka 2007.

Hivi ndivyo FEMRITE inavyotajwa kwa kawaida, kwa tuzo. Mimi navutiwa zaidi na nyumba yao ya Kamwokya, Barabara ya Kira, na Jumatatu jioni. Kila Jumatatu baada ya saa za kazi wanakutana, mtu anasoma alichoandika, wengine wanamwambia kinachosimama na kinacholegea. Jioni ni saa ngumu kuliko zote kwa mama wa Kampala: foleni Wandegeya, chakula cha usiku, kazi za shule za watoto. Kuidai saa hiyohiyo, na kuishikilia kwa zaidi ya robo karne, kulihitaji ushupavu kuliko kuandika kwenyewe. Na nyumba inasaidia kwa namna ambayo shauku peke yake haiwezi. Mwanamke akiaga nyumbani kwamba anaenda mkutanoni Kamwokya, watu wanaelewa. Akisema anaenda kukaa peke yake aandike, wanauliza kuna nini.

Upande wa pili wa mji, Kireka, kwenye mtaa wa Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini, akina mama waliokuwa wakiponda kokoto machimboni kwa ujira mdogo walianza kutengeneza shanga za karatasi. Magazeti na kalenda za zamani hukatwa pembetatu ndefu nyembamba, huviringwa juu ya sindano, hupakwa gundi, hutiwa vanishi na kutungwa. Tangu miaka ya 2000 shanga hizo zimeuzwa mbali. Wafadhili husifu kipato, na kipato ni cha kweli. Wasichokitaja ni kwamba kila mtengenezaji ana jicho lake la rangi, na kwamba kazi hii nayo, kama ukili, inaweza kuwekwa chini mtoto akilia.

Sio wote waliokubali kuandika palipo salama. Stella Nyanzi, msomi na mama wa watoto watatu, alihukumiwa mwaka 2019 kwa shairi alilomwandikia Rais kwenye Facebook, na akiwa gereza la Luzira akaendelea kutunga. Mashairi hayo yalitoka kitabuni mwaka 2020.

Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama wa Uganda siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye malipo, na baba siku nne. Zile nne zinaeleza mengi: nchi bado inategemea kwamba mikono mingine itakuwepo. Zamani ilikuwa ya ssenga na jjajja, shangazi na bibi, waliokaa ua mmoja. Kampala ya nyumba za kupanga Ntinda na Kyaliwajjala imewaacha wote kijijini, na mahali pao ameingia yaya, mara nyingi msichana wa miaka kumi na kitu au ishirini hivi, na si ajabu naye ana mtoto anayelelewa na bibi huko alikotoka. Mama anayeandika Kamwokya Jumatatu jioni anaandika kwa sababu msichana huyu anapika. FEMRITE ilikwisha kuonyesha njia mwaka 2003, ilipotoa Tears of Hope, mkusanyiko wa simulizi za wanawake wa vijijini ambao hawakujiita waandishi. Yaya wa Kampala anastahili kitabu kama hicho, na kabla ya kitabu anastahili jioni moja katika wiki ambayo hakuna anayemwita.